Mkono wa Fundi Ansbert

Fundi Ansbert alikuwa mbishi tangu zamani, Temeke nzima inajua, lakini ubishi wa Ijumaa ile dukani kwa Thuwaini ulikuwa wa namna nyingine. Watu wazima watatu walisimama mbele ya mashine moja ya kukuza sauti. Wawili wakasema transfoma yake inaunguza. Yeye aliyeiunda akaiwekea kiganja kizima na kusema ni vuguvugu tu. Tena hakuwa anasema uongo. Angekuwa anasema uongo ingekuwa heri, maana uongo wa mafundi tumeshauzoea.

Kisa chenyewe ni hiki, na afadhali ukijue mapema. Kama transfoma ile ilikuwa moto kweli, basi mkono wa Ansbert ulikuwa umekufa ganzi. Na mtu mwenye mkono wa hivyo, tena mwenye baka jeupe chini ya kiwiko kama alilokuwa nalo yeye tangu masika, hahitaji kutajiwa ugonjwa wake. Ni ukoma. Enzi zile za Mwingereza wenye ukoma walikuwa wakipelekwa kambini, huko kusini, safari ya siku kadhaa. Mke anabaki, watoto wanabaki, na kurudi ni majaliwa. Ansbert alikuwa na mke, Felicitas, na mabinti wawili, Jovina na Tekla. Kwa hiyo fundi huyu, hodari kama alivyokuwa, akawa anautafuta ubovu wa mashine yake huku akimwomba Mungu asiuone.

Alizaliwa Ihangiro, upande wa Bukoba, kwenye migomba na ukungu. Mapadri walimfundisha kusoma, jeshi likamfundisha redio. Wakati wa vita ya Hitla aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akawekwa kikosi cha simu za upepo, akafika hadi Burma na chombo kizito mgongoni. Aliporudi hakuitaka tena migomba. Akashuka Dar es Salaam, akafanya kazi miaka sita katika duka la redio la Mhindi mmoja mjini: kwanza akifagia, kisha akichomea nyaya, mwishowe akitengeneza kila kilicholetwa huku sifa zikimwendea mwenye duka. Siku alipochoka aliaga akaondoka. Akajenga Temeke nyumba ya udongo iliyoezekwa madebe yaliyopasuliwa, na baraza ikawa karakana. Umeme hakuwa nao. Chuma cha solda alikipasha kwenye jiko la mkaa, jiko lile lile la Felicitas, na kila siku walizozana kipi kitangulie, solda au maharage.

Transfoma alikuwa akizisuka mwenyewe. Watu walidhani ni uchawi, kumbe ni subira tu: waya wa shaba mwembamba, uliopakwa vanishi, unazungushwa juu ya kigogo cha mti mara elfu na zaidi, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka karatasi ya nta. Kuhesabu mizunguko alitumia rozari, kila punje mizunguko kumi.

"Mama wa Mungu umemfanya karani wako," Felicitas alikuwa akimwambia.

"Ndiye karani pekee Temeke asiyekosea," naye humjibu.

Hata joto alilipima kwa sala. Sajini wa jeshini aliwafundisha kwamba transfoma ikishawaka muda, iwekee kiganja. Ukiweza kuvumilia kuhesabu ishirini, ni nzima. Ansbert akaibadili hesabu ile kuwa Salamu Maria moja, ya taratibu, isiyo ya mbio. Kuhusu waya, aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada akiusikiliza kwa ngozi. Pakiwa na mkwaruzo, mahali vanishi imechubuka na shaba iko uchi, kidole kinamwambia, naye anasimama kupaka vanishi nyingine. Maana waya mbili zilizochubuka zikigusana mle ndani, umeme unakata njia ya mkato, unazunguka bure, na transfoma inajipika yenyewe hata kama haina kazi yoyote. Katika miaka yote ile hakuna transfoma yake iliyowahi kurudishwa.

Sasa Thuwaini, mwenye duka la barabarani, Mwarabu wa siku nyingi pale Temeke, alikuwa anamwoza binti yake Hayat. Alitaka sahani za gramafoni zisikike uani kwa wanawake na barazani kwa wanaume kwa wakati mmoja, na mashine za kununua mjini zilimkatisha tamaa kwa bei. Ansbert akakubali kumuundia. Valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio, alizitoa kwenye redio mbovu za jeshi, sanduku akachonga Kondo, seremala Mzaramo, jirani yake. Transfoma akaisuka mwenyewe kwa wiki mbili, kama kawaida. Na kwa kuwa umeme ulikuwa dukani kwa Thuwaini, ndiko walikokwenda kuijaribu, Ijumaa baada ya swala, siku sita kabla ya harusi.

Sahani ya kwanza ililia vizuri, Thuwaini akatabasamu peke yake. Ya pili pia. Kwenye ya tatu Kondo akanusa hewa kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

"Kuna kitu kinaungua humu," alisema.

Thuwaini akagusa transfoma kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka na kuupuliza. "Fundi, hii ni moto. Itanichomea nyumba siku ya harusi ya mwanangu."

Ansbert akaweka kiganja. Akaanza Salamu Maria yake kimoyomoyo, akaenda nayo pole pole mpaka Amina, wenzake wakimtazama. "Vuguvugu," akasema. "Lazima ipate joto kidogo, ni kawaida. Wewe mikono yako imezoea kupima sukari na tende, Mzee Thuwaini, itajuaje kazi?"

Thuwaini alicheka. Lakini Kondo hakucheka. Mikono ya Kondo ilikuwa ya randa na msumeno, ngozi yake ngumu kama soli, na hakuna aliyeweza kuiita laini. Akagusa, akatoa mkono hata kabla sala haijafika nusu.

"Bwana Ansbert," alisema, "mie huu moto siuwezi. Wewe umeuweza vipi?"

Ansbert akamjia juu. Alimwambia seremala ashike mbao zake na umeme awaachie wenyewe. Alizima swichi, akasema atarudi kesho kuichunguza kwa nafasi, akaondoka bila hata kuaga vizuri. Si hasira ile, ni hofu.

Wakati wa chakula Felicitas aliuona mkono wake. "Baba Jovina, umeungua wapi?"

Katikati ya kiganja palikuwa na lengelenge, kubwa kama harage. Ansbert akasema ni solda, akala haraka, akaenda chooni nyuma ya nyumba na kulibonyeza kwa ukucha. Likapasuka, maji yakatoka, naye hakusikia kitu. Akamkumbuka mjomba wake Kasimiri kule Ihangiro, aliyejengewa kibanda mbali, ng'ambo ya migomba, chakula akiwekewa chini juu ya jani na aliyekileta ameshaondoka. Ansbert alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikimbia baada ya kuweka. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Jumamosi asubuhi alirudi dukani, akamwomba Thuwaini amwachie chumba cha stoo. Alikuja na kipande cha mshumaa mfukoni. Maana usiku kucha alikuwa ameipanga hoja yake: binadamu anaweza kuwa na mikono laini, anaweza kuwa na maneno, lakini nta haina ubishi. Nta ikikaa bila kuyeyuka, basi Kondo na Thuwaini ni waoga, na yeye ni mzima. Alilitaka hilo kwa roho yake yote.

Alianza kwa utaratibu aliofundishwa. Ubovu wa joto hufuatwa kama mwizi, nyumba kwa nyumba. Akachomoa valvu za kukuza sauti, akawasha, akangoja robo saa kwa saa ya ukutani ya Thuwaini. Kisha akachomoa na ile valvu kubwa inayozigawia nyingine umeme. Mwishowe akakata kabisa nyaya zote zinazotoka kwenye transfoma, ikabaki peke yake na umeme wa ukutani, haina wa kumhudumia, haina mzigo hata wa sindano. Hapo transfoma nzima lazima ibaki baridi, hata mtoto angeweza kuilalia. Akawasha. Akabandika kipande cha mshumaa juu ya mabati yake, na kando ya mshumaa akaweka kiganja, wasafiri pamoja.

Sala ya kwanza ikaisha. Ya pili, ya tatu. Kiganja kikamwambia vuguvugu, tena vuguvugu ya mbali kama ya jua la asubuhi nyuma ya pazia. Moyo wake ukaanza kutulia. Akafumba macho, akaendelea na ya nne na ya tano, na akakaribia kutabasamu.

Alipofumbua, mshumaa haukuwepo. Palikuwa na utambi tu umelala chini, na nta ilikuwa imetambaa juu ya mabati, ikapita kati ya vidole vyake na kudondoka mezani. Vidole vimelowa nta ya moto, naye alikuwa hana habari. Akautazama mkono ule kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Hakulia. Alizima swichi kwa mkono wa kushoto, akakaa juu ya gunia la mchele. Kama fundi, kazi ilikuwa imekwisha: transfoma isiyo na mzigo inachemka, basi waya zimegusana ndani, isukwe upya. Mwanagenzi yeyote angefurahi kuupata ubovu kwa asubuhi moja. Yeye alitamani aupoteze tena.

Thuwaini alichungulia mlangoni. "Vipi fundi, umejua?"

"Nimejua. Mlisema kweli, ni moto. Nitaisuka upya."

"Si nilikwambia," alisema Thuwaini kwa furaha, akarudi kuuza sukari.

Jumapili baada ya misa waliketi barazani kuifumua. Felicitas alizungusha mpini wa kigogo, Ansbert akaupokea waya kwenye kigogo kingine. Hakuwa amemwambia neno. Alijipa moyo kwamba ataisuka tena, atakuwa mwangalifu zaidi, atatumia macho badala ya vidole, na harusi itapita, na baada ya harusi Mungu atajua. Mwanamume akitaka kujidanganya hana mshauri mbaya kuliko yeye mwenyewe.

Walipoondoa tabaka la nne, Felicitas akasimamisha mpini. Akaiokota karatasi ya nta, akaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa na madoa ya kahawia, madogo, yamejipanga kwa mstari. Akafunua karatasi ya chini yake, nayo ina madoa. Na ya chini yake vilevile.

"Hii ni damu," alisema.

Ansbert akainama kuyatazama madoa.

"Baba Jovina, hii ni damu yako. Ndiyo ile ya kwenye shati, nikakuuliza ukaniambia ni rangi ya sanduku la Kondo."

"Nilidhani ni rangi," alijibu, na ilikuwa kweli. Waya ulikuwa umemkata wiki mbili nzima, kila siku, naye alikuwa akiendelea kuhesabu punje za rozari bila kujua anavuja. Kila ulipopita mchubuko, kidole hakikusema. Chini ya madoa wakapakuta mahali penyewe, waya mbili zimeungua pamoja, nyeusi tii.

Felicitas akauchukua ule waya, akaupitisha kati ya vidole vyake mwenyewe. "Hapa panakwaruza," alisema. Akavuta kidogo. "Na hapa. Na hapa tena. Kweli hukusikia?" Kisha akauliza tena, sauti imeshuka, kwa kuwa alikuwa ameshajua. "Tangu lini husikii?"

"Tangu masika."

Felicitas akaukunja mkono wa shati la mumewe mpaka kwenye kiwiko, akaliona baka. Wakati wote huo lilikuwa limefichwa na mikono mirefu ya shati, na yeye mke akaona ni uungwana wa mume aliyefanya kazi mjini. Felicitas alilia pale pale barazani, mchana kweupe, wapita njia wakamwona. Ansbert alitaka kumshika bega, mkono ukaishia njiani.

"Usiniguse," alisema yeye mwenyewe, kabla mkewe hajasema lolote. "Mama Jovina, na huo waya uweke chini. Usiguse vitu vyangu."

"Nimekuzalia watoto wawili," alisema Felicitas. "Leo ndiyo nianze kuogopa waya?" Akajifuta uso kwa kanga. "Harusi ya watu ni Alhamisi. Huo waya unashikwaje?"

Basi ikasukwa transfoma ile kwa vidole vya Felicitas. Ansbert alizungusha mpini na kuhesabu, mkewe akaupitisha waya kwa gumba na cha shahada kama alivyoelekezwa, pakikwaruza anasimama, anapaka vanishi, wanaendelea. Jumapili jioni, Jumatatu, Jumanne. Hakuwa na mazoea, waya ukamkata mara nyingi. Kila ulipomkata alitoa sauti ndogo ya maumivu na kukinyonya kidole. Na Ansbert, Mungu amsamehe, kila alipoisikia sauti ile alimwonea wivu.

Alhamisi mashine ilifanya kazi tangu alasiri mpaka watu wakashiba. Sahani zikalia uani kwa Bi Mahfudha, mke wa Thuwaini, na wageni wake, zikalia barazani, vigelegele vikazifunika na bado zikasikika. Thuwaini, kanzu imenyooka, alikuja mwenyewe nyuma ya pazia alikokaa fundi, akaiwekea transfoma kiganja, akakiacha hapo muda mrefu akizungumza habari nyingine kabisa.

"Hii sasa ndiyo transfoma," alisema. "Umenipa heshima mbele ya watu." Akanyoosha mkono kumpa.

Ansbert akaweka mikono yote miwili nyuma. "Hongera, Mzee Thuwaini. Mungu awape maisha marefu maharusi."

Mkono wa Thuwaini ukabaki hewani. "Fundi, bado una kinyongo cha Ijumaa? Harusini hapa?"

"Sina kinyongo."

"Basi nipe mkono, bwana."

Hakuutoa. Thuwaini akamtazama, akageuka kwenda kwa wageni wake, na mpaka leo huenda anaamini kwamba yule Mhaya alikuwa mtu wa kununa.

Jumatatu wakaenda hospitali, yeye na Felicitas. Mganga msaidizi wa zamu alikuwa kijana wa kwao Bukoba, jina lake Gozbert, na Ansbert alipoisikia lafudhi yake alitaka kurudi nyumbani kwa aibu. Felicitas akamsukuma mgongoni. Kijana alisimama, akasema, "Shikamoo baba," akawapa viti wote wawili. Alilitazama baka, akauliza maswali yake, hakuharakisha. Kisha akawaambia bila kuzunguka.

"Siku hizi kuna vidonge vipya, vinasaidia. Kama mkono bado unasikia, hata kidogo tu, nitakuombea uje kunywa dawa hapa kila wiki na ulale nyumbani kwako. Kama hausikii kabisa, sheria hainipi nafasi, itabidi nijaze karatasi ya kambi." Karatasi yenyewe ilikuwa pale mezani, na kalamu juu yake. "Nyoosha mkono baba, fumba macho. Nina pamba hapa na nina sindano. Nitakugusa sehemu mbalimbali. Ukisikia popote, sema 'hapa'."

Ansbert akanyoosha mkono wa kulia, akafumba macho. Akakusanya akili zake zote akazipeleka kwenye ngozi ya mkono ule, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, akangoja pamba. Alijiahidi kwamba hata ikiwa nyepesi kama pumzi ataikamata. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Felicitas alikuwa amekaa kushoto kwake, na pumzi yake ilikuwa imebadilika, inakatika katika. Kijana alikuwa kimya. Ansbert alingoja, jasho likamtiririka kwapani, na alipoona kimya kimezidi akahisi labda kijana ametafuta pamba akaikosa.

"Daktari," alisema kwa upole, macho bado ameyafumba, "mie niko tayari. Anza tu."

Gozbert aliiweka pamba mezani. Akairudisha sindano kwenye kisahani.

"Nimeshamaliza, baba," alisema.